Mlima wa Milimita Mbili

Asubuhi ile jua liliingia karakanani mapema, na Kipimo akaanza kazi kama siku zote. Alifagia vumbi la mbao, akapangusa reli za mashine, akatia tone la mafuta kila upande, kisha akanywa chai yake amesimama. Jina lake halisi mtaa mzima ulikwisha kulisahau. Walimwita Kipimo kwa sababu hakuwa mtu wa kukisia. Rula ya chuma haikutoka mfukoni mwa aproni yake, na neno lake lilikuwa lile lile miaka nenda miaka rudi: macho hudanganya, kipimo hakidanganyi.

"Dada Kipimo," fundi redio, jirani yake wa ukuta mmoja, alipenda kumchokoza, "nasikia hata chumvi unaitia kwa rula."

"Na wewe unaitia kwa bisibisi, ndiyo maana wifi anakonda."

Karakana ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yake. Mlango mmoja ulitazama uani, mwingine sebuleni, na hapo sebuleni ndipo alipocheza Njiti, binti yake wa miaka sita, aliyepewa jina hilo kwa wembamba wa miguu. Waliishi wawili tu. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mtoto alishinda nyumbani akichora na kuimba nyimbo alizozitunga mwenyewe.

Mashine alikuwa ameinunua kwa mjane wa fundi mmoja mzee, mitaa mitatu kutoka pale. Ilikuwa fremu ya chuma, ukubwa wake kama dawati la shule, ikiongozwa na kompyuta. Ilikuwa na vichwa viwili vya kubadilisha: kimoja kilishika kisu cha kuchonga mbao, kingine kiliyeyusha plastiki na kuilaza uzi juu ya uzi mpaka kitu kizima kikasimama. Chini yake kulikuwa na meza ya ubao. Kabla ya kazi yoyote, sindano ndogo ilishuka na kuigusa meza mahali ishirini na tano, ili mashine ijue palipoinuka na palipobonyea. Kwenye skrini, tambarare ilikuwa kijani. Mlima ulikuwa mwekundu.

Siku ya kuichukua, mjane alimsindikiza yeye na Njiti hadi mlangoni.

"Mume wangu hakuiwasha kabla ya kuilazia kiganja," alisema. "Aliweka mkono mezani, akaiambia ni yeye. Nawe fanya hivyo, mwanangu."

"Sawa, mama," Kipimo alijibu kwa heshima, akaenda kucheka mbele ya safari. Kuamkiana na mota! Lakini yule mzee alimkumbuka vizuri. Alikuwa mpole, na alikuwa na ukucha wa kidole gumba usiosahaulika: mweusi, mnene, umepasuka katikati kama punje ya kahawa. Nyundo ilimwangukia ujanani.

Mwezi wa kwanza mashine iligoma. Tabaka la chini la plastiki halikushika meza; lilijikunja kama nywele zilizobaki kwenye kitana. Herufi za vibao vya milango alivyochongea wateja zilianza vizuri, kisha zikasogea kulia kama mlevi anayetafuta ukuta. Kipimo alikaza mikanda. Akabadilisha skrubu. Akaipepea mota kwa feni, akapunguza mwendo. Kila kilichoharibika alikitundika ukutani, na nyuma yake aliandika kosa kwa penseli. Vilifika kumi na tisa.

Kisha, Jumatatu moja, mashine ikapona. Ilichonga mstari mnyoofu kama uzi wa fundi mwashi, na plastiki ikashika meza mpaka kuibandua ikawa kazi.

"Ilikuwa mkanda," Kipimo alimwambia fundi redio kwa majivuno. "Kila ugonjwa una sababu yake."

Wiki mbili zikapita za kazi safi.

Sasa asubuhi hii alikuwa na vibao vya milango vya nyumba moja ya wageni. Alifunga kisu, akaagiza sindano ipime. Ilipomaliza, skrini ilikuwa kijani kote, isipokuwa kushoto kidogo ya katikati. Pale palikuwa na doa jekundu. Mlima wa milimita mbili.

Akalaza rula yake juu ya meza, akawasha tochi upande wa pili. Kama pangekuwa na mlima, rula ingekaa juu juu na mwanga ungepenya chini yake. Haukupenya hata uzi mmoja. Meza ilikuwa tambarare.

Akasafisha sindano. Akakaza skrubu yake, akakagua waya. Akapima tena. Mlima upo.

Akafungua ubao wa meza, akaugeuza nyuma mbele, akaufunga. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mlima ukibaki ulipo, kasoro ni ya reli, ukihama na ubao, kasoro ni ya ubao. Akapima. Mlima ulikuwa umehama na ubao, sasa uko kulia.

Aliinama tena, akaitazama meza kwa jicho moja. Jicho lilisema hakuna kitu. Rula ilisema hakuna kitu. Sindano ilisema kipo.

"Kaka," aliita ukutani, "meza yangu ina mlima usioonekana."

"Mlima ukikataa kushuka, unakatwa," fundi redio alijibu bila kuacha kazi yake. "Au unaogopa?"

Ni kweli. Ubao wa meza ni kitu cha kuliwa, kila mchongaji anajua. Ukienda upande, unafunga kisu kipana, unauparua mpaka ulingane. Kipimo akapanga mashine ipite mara nne, kila mara nusu milimita. Aliitazama rula kidogo kabla ya kuirudisha mfukoni. Kati ya vipimo viwili alikichagua kilicho kikubwa. Akabonyeza.

Kama rula ilisema kweli, kisu kingezunguka hewani bure mpaka mwisho.

Hakikuzunguka bure.

Kilipofika katikati, mlio ukabadilika. Haukuwa mlio wa mbao. Ulikuwa mkavu, mwembamba, kama tupa inayokwaruza pembe ya ng'ombe. Vumbi lililoruka lilikuwa jeupe. Harufu ikamfikia, harufu ya nywele zilizoungua. Kipimo akazima feni ili asikie vizuri zaidi.

Hapo ndipo alipogundua kwamba sebuleni wimbo ulikuwa umekatika.

"Mama."

Njiti alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa akilia.

"Mama, mkono wangu umelala."

"Ukung'ute, utaamka."

"Nimeukung'uta. Hauamki."

Akauinua mkono wa kulia. Vidole vilikuwa vitano. Damu haikuwepo, wala jeraha. Kucha ndizo hazikuwepo. Hazikuwa zimeng'oka, kwa maana kinachong'oka huacha shimo. Ngozi ilikuwa imepita juu moja kwa moja, laini, toka kwenye kifundo cha kidole hadi ncha, kana kwamba mtoto huyu hakuwahi kuwa na kucha. Hata mikunjo ya vifundo ilikuwa imefutika.

Nusu milimita.

Nyuma ya Kipimo, kisu kiliinuka. Kilirudi kwenye kona yake. Kikashuka chini zaidi, kuanza mpito wa pili.

Hakutafuta kitufe. Aling'oa waya ukutani pamoja na soketi yake.

Mlio ukakoma. Walisikia fundi redio akijaribu spika, moja, mbili, moja, mbili.

Mtu mwingine angemchukua mtoto akakimbia. Kipimo alikuwa Kipimo. Alitaka kujua anakimbia nini. Alikifungua kisu, akakitupa uani. Akavuta umeme kutoka sebuleni kwa waya mrefu. Akaagiza sindano ipime meza upya, lakini si mahali ishirini na tano. Mahali mia nne.

Akampakata Njiti, wakatazama.

Tik. Sindano ikashuka, ikainuka. Tik. Mstari baada ya mstari, kijani kitupu. Kisha nukta nyekundu. Kisha mbili. Zikajipanga na kuwa kitu chembamba, kikapanuka, kikatoa tawi pembeni, kikagawanyika mara nne.

Kilikuwa kiganja. Kidogo. Kimelazwa mezani kifudifudi.

Njiti akanyoosha mkono wake usio na kucha, akauweka juu ya skrini. Ukalingana, kidole kwa kidole.

"Huyo ni mimi," akasema taratibu.

Kipimo akamgeuza amtazame. "Uliigusa lini?"

"Jumatatu ile. Wewe ulikuwa unaoga. Bibi alisema tuiamkie, wewe hukuiamkia, ndiyo maana ilikuwa inagoma. Nikaweka mkono. Nikaiambia ni mimi."

"Ikafanya nini?"

Mtoto akafumba ngumi ya mkono wake mwingine.

"Ikashika."

Saa saba ya mchana, jua likichoma, mtaa ukamwona Kipimo akipita na aproni, viatu viwili tofauti, mtoto mgongoni. Mjane alikuwa barazani akikunja nguo. Alipouona mkono wa Njiti, aliendelea kukunja shati lile lile mara tatu.

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia nusu, mama."

"Nusu ndiyo niliyopewa." Mjane aliangalia barabarani, akashusha sauti. "Haikai bila mkono. Yeye aliuweka siku ya kwanza kwa mchezo, akaona kazi inakwenda. Akauweka kila siku. Mwishoni hakuhitaji kuuweka, ulikuwa huko huko. Alipokuwa anakufa, mikono yake miwili nilikuwa nimeishika mimi, hapa, kitandani. Akaniambia, mke wangu, mbona ubao ni wa baridi."

"Mtoto wangu anatokaje?"

"Mkono mdogo huachiwa ukija mkubwa."

"Na mkubwa unatokaje?"

Mjane akachukua shati lingine.

Kipimo alimwacha Njiti pale barazani, akarudi peke yake. Fundi redio alimwita, akampita. Alifunga mlango wa uani na wa sebuleni. Mashine haikuwa na umeme sasa. Waya ule mrefu alikuwa ameuchomoa kabla ya kutoka, na ulikuwa sakafuni, ameuvuka yeye mwenyewe. Meza ilikuwa tupu, imepigwa na jua, na katikati yake palikuwa na vumbi jeupe kidogo.

Akaweka mkono wa kushoto juu ya vumbi lile.

"Ni mimi," akasema. Aliona haya kusema hivyo. Kisha akasema tena, na safari hii hakuona haya.

Ubao ulikuwa wa moto kwa jua. Akangoja. Ukaanza kupoa. Ukapoa mpaka ukawa kama sakafu ya chumba kisicho na dirisha.

Ndipo akakihisi kitu chini ya kiganja chake. Kidogo, chenye joto, chenye jasho, kama mkono wa mtoto unayemvusha barabara. Kilijikunja. Kikateleza kikatoka, kidole kimoja kimoja.

Kipimo alitaka kulia kwa furaha. Hakupata nafasi.

Mkono mwingine ulitua juu ya wake. Mzito, mkavu. Ulimfunika vidole vyote, ukamtuliza mezani kama fundi anavyotuliza ubao kabla ya kupiga msumari. Kidole gumba kilipita polepole juu ya vifundo vyake, na ukucha wake ulikuwa na mpasuko uliokwaruza.

Hakutazama. Alihesabu hadi mia, akauvuta mkono wake. Ulitoka bila shida. Aliuona ukining'inia kando yake, mzima, na kucha zake tano.

Lakini ubao wa baridi aliendelea kuuhisi.

Alipofika kwa mjane, Njiti alikuwa akichezesha vidole na kucheka kwamba vinawasha. Mjane alimtazama Kipimo mkono wa kushoto, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mashine ilifunikwa shuka, na mlango wa karakana ukapigwa misumari. Hakuiuza. Atamuuzia nani? Fundi redio aliuliza mara moja tu, kwa utani, kama ule mlima ulikatwa. Alipoona jinsi alivyotazamwa, akainamisha kichwa kwenye redio yake. Tangu siku hiyo Kipimo anafanya kazi ya kushona mabegi kwa mkono mmoja na nusu. Kitambaa hakipimi, hukikata kwa macho, na kikienda upande hukiacha kiende. Mtu akipitisha randa popote mtaani, huacha anachofanya na kuushika mkono wa kushoto kifuani.

Kucha za Njiti zilianza kuota katika mwezi wa pili tangu siku ile, nyembamba na safi kama ngozi ya kitunguu. Kipimo alizitazama kila asubuhi. Mtoto alikuwa ametoka. Hilo ndilo alilolilipia, na hakulijutia hata siku moja.

Jumapili moja alimkalisha uani, juani, amkate kucha kwa mara ya kwanza. Akaanza na kidole cha mwisho. Kikafuata cha pete, cha kati, cha shahada. Njiti alikuwa akiimba. Kipimo akakigeuza kidole gumba kwenye mwanga, na mkasi ukamponyoka.

Ukucha uliokuwa safi jana yake sasa ulikuwa mweusi. Mnene. Umepasuka katikati.

"Njiti," alinong'ona. "Umefanya nini hapa?"

Mtoto aliukodolea macho ukucha ule bila mshangao, kama mtu anayetazama kitu alichokizoea.

"Nyundo iliniangukia," akasema.

"Lini, mama? Lini?"

"Zamani," Njiti akajibu, akaendelea kuimba. Na mkono wake ule mdogo, bila yeye kuutazama, ukateleza juu ya mkono wa kushoto wa mama yake, ukaufunika, ukautuliza.