Dume wa Fundi Viatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku aliingia bandani kumsaidia shangazi yake. Jina hilo alibandikwa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Walifagia chini ya vizimba na kubadilisha maji, kisha shangazi akamtoa sungura mmoja mmoja na kuyapuliza manyoya yake. Manyoya ya chinchila, aina ya sungura aliowafuga, yakigawanyika huonyesha rangi tatu: chini rangi ya risasi, katikati nyeupe, nchani nyeusi. Miaka mitatu shangazi alikuwa akichagua mbegu ili apate kijivu kisicho na doa.

Asubuhi moja aliwatoa watoto sita wa jike wake bora. Walikuwa na siku kumi na mbili, manyoya yameota, na wanne kati yao walikuwa na mabaka meupe.

"Fundi viatu amenidanganya," alisema. "Dume wake ana damu ya madoa."

Chiriku alihisi uso ukimwaka moto. Dume wa fundi wapi! Mwezi mmoja na nusu nyuma alitumwa ampeleke jike huyo nyumbani kwa fundi, mtaa wa tatu, akapandishwe; fundi mwenyewe alishinda kwenye kibanda chake cha viatu, na wenye majike walijipandishia wenyewe. Jua lilikuwa kali, na wenzake walikuwa wanaruka kamba nje ya lango. Basi akamtia jike kwa dume wao wenyewe mwenye madoa, ambaye alifugwa kwa kitoweo tu, na yeye akaenda zake kuruka kamba. Jioni akaandika kwenye kadi ya kizimba: "Dume: wa fundi viatu." Alijiambia sungura ni sungura. Lakini wahenga walishasema, njia ya mwongo ni fupi.

Shangazi naye hakukawia. Siku hiyohiyo, kwenye duka la chakula cha mifugo, aliwasimulia wafugaji wenzake yote. Wiki haikuisha, watu watatu waliokuwa wameahidi kuwapeleka majike wao kwa fundi wakawapeleka kwingine. Chiriku aliyasikia hayo. Njia ya kupita kibandani kwa fundi aliiona ndefu kuliko barabara nzima.

Siku ya Ijumaa fundi alimwita. Alikuwa ameshika daftari lake, kiatu cha watu kimelala magotini bila kushonwa.

"Mwanangu, nimefuata ukoo wa dume wangu mpaka kizazi cha sita," alimwambia kwa upole. "Hayo madoa sijui yalitoka wapi. Mwambie shangazi yako anisamehe. Kesho namchinja, nisije nikawaharibia na wengine mbegu."

Chiriku aliona aibu hata akatamani ardhi ipasuke immeze. Huyu mzee alikuwa anaomba msamaha kwa kosa lisilo lake!

"Usimchinje, mzee," alisema, machozi yakimtoka. "Sikumleta jike kwako. Nilimpandisha nyumbani, nikaandika uongo."

Fundi aliweka daftari chini. Kisha akafunga kibanda, wakaenda pamoja kwa shangazi. Chiriku akarudia maneno yote bila kuacha hata moja.

Shangazi aliinamisha kichwa. Alimwomba fundi radhi kwa kumhukumu bila kumuuliza, kisha akamshika Chiriku mkono, wakaenda na fundi mpaka dukani. Pale, mbele ya wafugaji waliokuja kununua pumba, Chiriku alisimama akasema kwamba dume wa fundi hana doa, na kwamba mwongo ni yeye. Watu waliacha kupima pumba, wakamtazama. Mmoja wao akamuuliza fundi kama anaweza kumleta jike wake kesho.

Walipotoka nje, shangazi aliinama akamtazama usoni.

"Doa la sungura nitaliondoa, nikichagua vizuri vizazi viwili vitatu," alisema. "Jina la mtu ukilichafua, mwanangu, halisafishwi na mwingine. Unalisafisha wewe, kwa mdomo wako, mbele ya walewale waliosikia. Leo tumeona aibu, mimi na wewe. Na ilitustahili."