Mfuko wa Kuonja Bega

Umewaona. Usiniambie hukuwaona. Kila asubuhi unapita mbele ya ghala la saruji, umeziba pua kwa leso. Wanaume wanapanda ubao wa lori, mifuko mabegani. Wewe unatazama simu. Basi leo iweke chini, usome habari za mmoja wao.

Wenzake walimwita Winchi, kama mashine ya kunyanyulia mizigo. Alipakia malori tangu ujana. Sasa kila jioni mkewe ndiye aliyemvua shati, maana bega la kulia lilikataa kupanda.

"Hata kichwa hujikuni, baba watoto. Nenda hospitali."

"Nikienda, nani ataleta unga?"

"Na mkono ukifa, ataleta nani?"

Akaenda. Daktari akamchoma sindano ya steroidi begani. Akamwambia, "Usibebe kitu kizito mpaka urudi nikuone."

Siku chache baadaye, maumivu yaliyeyuka kama chumvi majini. Winchi akajivua shati mwenyewe. Mkewe akapiga kigelegele. Kesho yake Winchi akarudi ghalani.

Pale ghalani palikuwa na mchezo wao. Mtu akitoka kuchomwa sindano, alinyanyua mfuko wa kwanza peke yake, wenzake wakipiga makofi. Waliuita kuonja bega. Asiyeonja aliitwa bibi harusi. Aliyeuanzisha ni nyapara, msimamizi wao. Aliyeonja hakuwa tena na sababu ya kuomba mapumziko.

"Haya, Winchi! Au tukuletee shela?"

"Daktari kasema nisubiri, mkubwa."

"Daktari anapakia lori? Kwani linauma?"

"Haliumi."

"Basi limepona. Onja!"

Wakapiga makofi. Winchi akanyanyua. Mfuko ulipofika usawa wa sikio, kitu kikalia ndani ya bega, paa! Mkono ukaanguka, na mfuko ukapasuka. Makofi yakakoma.

Nyapara akakung'uta vumbi suruali yake. "Fagieni hapo. Nani anafuata?"

Hospitalini, mama wa mazoezi ya viungo aliwaeleza mume na mke.

"Kano imekatika. Kano ni kamba inayoshika msuli kwenye mfupa."

"Lakini sindano ilikuwa imeniponya!"

"Ilituliza uvimbe na maumivu, baba. Haikushona kano iliyochanika. Tena dawa ile huweza kuilegeza kano kwa muda. Maumivu ni mbwa mlinzi. Sindano ilimlaza mbwa, lakini mwizi bado yumo ndani."

"Sasa angefanyaje?" mke akauliza.

"Angepumzisha bega siku za mwanzo. Angefanya kazi nyepesi tu. Mizigo mizito angeiacha wiki mbili, pengine zaidi, mpaka aruhusiwe. Kisha angeanza kidogo kidogo: chupa ya maji, halafu ndoo nusu. Na bega likizidi kuvimba, likiwa jekundu na la moto, au homa ikipanda, angerudi siku hiyo hiyo. Wala sindano hazirudiwi ovyo. Zikizidi, zinaharibu kiungo."

"Nyapara wenu anayajua haya?" mke akamuuliza Winchi.

Winchi akacheka kwa uchungu. "Anajua mifuko, mke wangu."

Alipasuliwa, akafanya mazoezi, lakini mkono haukupanda kupita kifua tena. Ghala lilimtupa kama mfuko mtupu.

Kisha mdogo wake, mpakizi wa ghala lile lile, naye akachomwa sindano ya bega. Asubuhi aliyorudi kazini, Winchi na mkewe walifika kabla yake.

"Leo nani anaonja?" nyapara akauliza.

"Shemeji yangu haonji," mke akasema. Akamgeukia mumewe. "Inua mkono, wakuone."

Winchi akainua. Mkono ukaishia kifuani.

"Huu ndio mkono mlioupigia makofi," mke akawaambia.

Mpakizi mmoja akakaa juu ya mifuko. Wa pili akakaa. Wote wakakaa, na lori likangoja mpaka nyapara akasalimu amri. Mdogo mtu akapewa filimbi, awe anaelekeza malori yanaporudi nyuma. Daktari alipomruhusu kubeba, alianza na mizigo midogo. Leo anapakia, na mabega yake yote mawili ni mazima.

Winchi bado anavuliwa shati.

Na wewe? Ghalani kwenu, au kwenye ukumbi wenu wa kunyanyua vyuma, yupo aliyetoka kuchomwa sindano. Anajiona amepona, na watu wanajiandaa kupiga makofi. Usipite. Nenda sasa hivi, simama kati yake na mzigo, umwambie: weka chini. Kisha, kama ni ghalani, mgeukie nyapara, umdai kazi nyepesi kwa ajili yake. Usiondoke mpaka aitoe.