Mistari Iliyong'olewa Mwakiro

Simu ya Fredi ilizimika siku ileile walipomaliza matanga ya mama yake. Asubuhi alimpigia Dorotea, sauti imemkauka. "Wangu, leo nashika jembe tena. Nikitoka shambani nakupigia."

Hakupiga. Jioni simu yake haikupatikana, na kesho yake vilevile.

Kazini kwake Gitega, akipima urefu wa ngano, Dorotea alimwona Fredi akilini, amelala mtaroni, pikipiki juu yake. Au alikuwa mzima, amemchoka tu. Hakujua lipi lilimtisha zaidi.

Walikuwa wamekutana soko la Gitega, mbele ya meza ya Mama Bulonza, Mkongo muuza karatasi, kila mmoja ameshika upande wake wa furushi la vifuko.

"Kaka, achia. Nafunikia masuke ya ngano, mbegu zisichanganyike."

"Hata mimi, dada. Nimeajiriwa juzi kwenye shamba la majaribio la Mwakiro."

"Furushi iko moja tu," Mama Bulonza alicheka. "Mugawane ao muoane!"

Tangu hapo walipigiana kila jioni. Mbegu zilezile zilipandwa Gitega kwenye baridi na Mwakiro kwenye joto. Maabara ilikuwa imeshasoma jeni za kila mstari wa mbegu. Wao walitakiwa kusema upi umerefuka na upi umeugua kutu, ule ugonjwa wa majani, ili ijulikane kinga ya kutu imekaa wapi katika urithi wa ngano.

"Mstari wa kwanza ukoje?" Dorotea angeuliza.

"Mfupi, mkali. Kama wewe."

"Shika adabu, Fredi!"

Jumamosi, simu ya Fredi ikiwa bado haipatikani, Dorotea alivaa gauni lake la bluu la kanisani, akajitanda kitenge, akaenda Mwakiro, upande wa Muyinga. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia maiti.

Mwakiro alikuta shamba lina mapengo. Ngano imesimama, kisha udongo mtupu, kisha ngano tena. Mzee Anatoli, jirani yake Fredi, alikuja akitabasamu.

"Karibu, mwana wangu. Fredi iko ndani, mzima. Ila haongei. Mwenye msiba hagusi jembe, si unajua? Sisi tukamlimia. Ile ngano ya ugonjwa tuling'oa yote, iko kwa mbuzi."

Alisubiri kushukuriwa. Dorotea aliyatazama yale mapengo.

"Asante, mzee," alisema.

Fredi alitoka na shati lilelile la mazishi, ndevu zimemwota.

"Umezima simu mpaka nikakuzika!" Dorotea alimpiga kifuani kwa ngumi, kisha akamkumbatia.

"Niliogopa. Bila mistari iliyougua, maabara italinganisha nini na nini? Nilipaswa kuwaonya majirani, nikasahau kwa ajili ya msiba wa mama. Chefu, mkubwa wetu wa kazi, anataka vipimo Jumatatu." Alishusha sauti. "Mpenzi, nipe vya Gitega nivibadilishe kidogo, viwe vya Mwakiro. Nani atajua?"

Kwa Dorotea ilikuwa rahisi kukubali. Akikataa, Fredi atafukuzwa, na huenda asimsamehe kamwe.

"Kinga itaonekana mahali ambapo haipo," alisema. "Mbegu hiyo atapewa Mzee Anatoli. Aipande, kutu imlie shamba zima. Utamtazama usoni?"

"Na nikisema kweli, watalaumiwa wao. Walinisaidia."

"Sema hukuwaonya. Ndiyo kweli yenyewe."

Fredi aliketi chini, akafunika uso. Kisha akaitika kwa kichwa. Wakampigia chefu pamoja. Fredi alieleza yote, mkono wake ndani ya mkono wa Dorotea. Kisha chefu akasema, "Njoo Jumatatu, wewe mwenyewe," akakata.

"Akinifukuza?"

"Utalima."

"Na wewe?"

"Kwani nilikuja kutazama ngano?"

Fredi alicheka, na kicheko kikageuka kilio. Alimlilia mama yake, Adventina, jinsi ambavyo hakuwahi kumlilia siku za matanga. Alipotulia alishika ncha ya kitenge cha Dorotea.

"Nilitaka kukuuliza kitu nikiwa bado na kazi."

"Uliza leo, kabla hatujajua."

"Utakubali nikuoe?"

"Nimekubali. Lakini naogopa, Fredi."

"Hata mimi."

Leo ni Jumatatu. Fredi ameingia ofisini kwa chefu, mlango umefungwa. Dorotea amekaa nje kwenye benchi, akimsubiri waondoke pamoja, vyovyote itakavyokuwa.