Makofi ya Manga

Lililompata rafiki yangu Ratemo mwaka wa sabini na moja halijamtoka mpaka leo. Alikuwa akikimbia mzunguko wa kilima cha Manga na Angwenyi, aliyetahiriwa naye siku moja. Katika timu ya wilaya nafasi ilibaki moja tu. Kukiwa na ukungu, aliyetangulia hupiga makofi mawili kila kona, mwenzake afuate. Asubuhi hiyo Angwenyi alitangulia. Ratemo akayafuata makofi hadi mguu ukakanyaga hewa. Akadaka mzizi, akajivuta juu.

“Angwenyi, umeniuza!”

Angwenyi akatokea nyuma yake, anahema kwa hasira. “Mimi? Nilisimama kutoa mwiba, ukanipita. Tangu hapo nafuata makofi yako!”

Kabla Ratemo hajajibu, makofi mawili yakalia tena, chini kabisa ya genge.