Uliniambia Vyote Vipo

"Mbona leo anachelewa kusema?" mama mkwe aliuliza, sikio lake limeshaegemea simu.

"Subiri kidogo, mama. Simu imebadilika sura, namtafuta alipo."

Mshonaji, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, alipekua simu kwa kidole. Kila Jumapili alikuja kwa mama wa marehemu mumewe. Walikaa kitandani mabega yakigusana, wakasikiliza jumbe za sauti ambazo marehemu aliwahi kumtumia mkewe. Hazikuwa na jambo kubwa. Anauliza kama umeme umerudi. Anamsengenya bosi wake. Anaimba vibaya makusudi mpaka anacheka mwenyewe. Lakini sauti ya mtu yule haikubaki popote pengine duniani.

Leo simu ilikuwa nyepesi kama mpya. Mchumba wa Mshonaji, fundi wa simu, alikuwa amefungua kufuli la kiwandani, lile linalozuia mtu kubadilisha mfumo wa simu, na kuiwekea mfumo mwingine, maana ule wa zamani ulikuwa unaganda hata mtu akipiga. Alimwonya mapema kwamba kufuli likifunguliwa simu hujifuta yote. Na siku ya kumkabidhi alimwangalia machoni akasema, "Nilihamishia kila kitu kwenye kompyuta kwanza, halafu nikarudisha. Vyote vipo."

Picha zilikuwepo. Namba zilikuwepo. Sauti, hakuna hata moja.

"Mama, nakuja sasa hivi."

Alimkuta Fundi dukani amejiinamia, anafuta kioo cha simu kwa pamba.

"Fundi, sauti ziko wapi?"

"Sauti gani tena, mpenzi? Spika inagoma?"

"Usinichezee. Za marehemu."

"Aa, hizo. Labda zilipotea njiani. Huu mfumo mpya nao una mambo yake."

"Picha za vitambaa vyangu zilipotea?"

"Hapana."

"Hata zile zilizotoka na ukungu?"

"Zipo."

"Kwa hiyo mfumo wako umemchagua marehemu peke yake."

Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri chaja alijifanya anasoma bei ukutani, kisha akaondoka taratibu bila chaja.

"Niambie ziko kwenye kompyuta," Mshonaji alisema. Sauti ilikuwa imeshuka, karibu anabembeleza. "Zilikuwa kwenye folda yake. Uliiona?"

"Niliiona."

"Ukaiacha."

Fundi aliweka pamba chini. "Nilifungua ujumbe mmoja tu. Alikuwa anakuita jina ambalo mimi hujawahi kuniruhusu nikuite. Nikikupigia jioni simu inaita weee, hupokei, na mimi najua uko naye. Nitashindana vipi na mtu ambaye hawezi tena kukukosea? Simu iliniuliza kama nakubali ifute yote. Nikabonyeza ndiyo."

"Zirudishe. Wewe si unafufua mpaka simu zilizotumbukia chooni?"

"Hizi hazirudi. Kufuli likishafunguka, simu inaharibu hata njia ya kuzisoma. Ningeweza ningeshazirudisha. Tangu nikupe hiyo simu sipati usingizi."

"Unajua kwa nini nilikuletea?"

"Ilikuwa inaganda."

"Ilikuwa inaganda, na mama hawezi kuhangaika na simu inayoganda. Nilitaka nimpe yeye, Fundi, pamoja na sauti zote. Nimkabidhi kabla ya harusi, nije kwako mikono mitupu. Nilitaka nikuambie siku hiyo, ufurahi."

Fundi aliisukuma pamba pembeni.

"Sikujua."

"Ungeuliza."

"Nilikuwa naogopa jibu."

Hapo Mshonaji alimhurumia, na huruma ile ilimuuma kuliko hasira. Aliukunja mtandio wake vizuri begani.

"Suti yako ya harusi imebaki kutia mikono. Nitaimalizia, nitakutumia. Itakufaa popote."

"Mpenzi, usiseme hivyo."

Alikuwa ameshafika barabarani.

Mama mkwe alisikiliza habari yote bila kumkatiza. Halafu akauliza jambo moja.

"Huyo kijana anakupenda?"

"Ananipenda, mama."

"Basi msamehe. Mwanangu alishaenda. Hata sauti zingebaki, tungekuwa wawili hivi hivi hapa kitandani."

"Nimemsamehe. Angenivunjia simu kwa hasira, ningeolewa naye kesho. Lakini aliniangalia machoni akaniambia vyote vipo. Nikiingia nyumbani kwake, kila atakachoniambia nitakuwa nakwenda kukihakiki. Akisema amekula, nitafunua sufuria. Ndoa gani hiyo?"

Mama alimvuta kichwa akakilaza mapajani, mtu mzima yule, akaanza kumpapasa nywele kama anayemsuka.

Simu iliita. Ujumbe.

"Nisamehe. Nitakungoja hata iwe miaka."

Mshonaji aliusoma mara mbili. Aliandika, akafuta. Akaandika tena.

"Nimekusamehe. Usiningoje."

Alipoutuma, alijifunika uso kwa khanga ya mama akalia. Kwa mara ya kwanza tangu msiba ule, alikuwa anamlilia mtu aliye hai.