Lango la Pimahiari

Mwanamke alitokea kwenye vumbi la mpakani bila taarifa, kwa miguu, akasimama mbele ya lango la mji wa Azimio. Lango halikuwa na askari. Lilikuwa na pimahiari, mtambo uliosikiliza mapigo ya moyo na kutambua kama mtu anatenda kwa hiari au kwa kulazimishwa. Ndani ya Azimio hakuna aliyeozwa wala kuajiriwa bila ridhaa yake. Watoto waliimba habari hiyo shuleni.

"Hodi!" mgeni aliita.

"Nani amekuruhusu kusafiri?" mtambo ukauliza kwa upole.

"Kaka yangu, Shomari," alijibu haraka.

Taa ikawa nyekundu.

Mhandisi Atupele, aliyekuwa akisafisha vihisio vya mtambo kwa ndani, alisogea kwenye kioo. "Dada, kweli kaka yako amekutuma?"

"Anitume wapi! Nimemtoroka, anataka kuniozesha kwa rafiki yake. Lakini kwetu mwanamke akiulizwa njiani hutaja mwanamume wake. Ukisema umejiruhusu mwenyewe, unarudishwa. Ulimi umezoea, dada'ngu. Mimi Mwanakheri. Na nyie, kwenu mlango ndio unaohoji wageni?"

Atupele alicheka. Kisha akasoma maandishi kwenye kioo, kicheko kikakatika. *Ana hofu. Ametumwa.* Sheria ilisema aliyetumwa arudishwe kwa aliyemtuma, ili mji usishiriki kumlazimisha mtu. Mtambo ulikuwa umeshamwarifu Shomari.

"Jibu tena," Atupele alimsihi. "Tuliza moyo kwanza."

"Niutulize vipi, na yeye ana gari?"

Atupele alimpigia mkuu wa zamu.

"Unajua hakuna binadamu anayeweza kutengua uamuzi wa pimahiari," mkuu alisema. "Binadamu huhongwa. Binadamu huonea. Ndiyo maana tuliujenga mtambo."

"Mzee, huyu ametembea nyika nzima peke yake. Yuko huru kuliko mimi na wewe."

"Basi aje bila woga."

Atupele aliporudi kwenye kioo, Mwanakheri alikuwa ameketi chini, anaifunga kanga yake upya kiunoni, kwa nguvu, kama mtu anayejiandaa kupigana.

"Niahidi kitu kimoja," alisema. "Akija, nisiwe peke yangu. Kwetu jambo lisiloonwa na mtu hukanushwa."

"Sitakuacha."

Vumbi la gari likaonekana mbali. Atupele alifungua mlango mdogo wa mafundi.

"Mhandisi Atupele," mtambo ulisema, kwa upole uleule, "moyo wako unakwenda mbio. Ukitoka katika hali hii utahesabiwa umelazimishwa, na hutaruhusiwa kurudi."

Ndani kulikuwa na mama yake, na kazi aliyoisomea ujana wake wote. Kulikuwa na mji aliouamini.

Alitoka. Mlango ukajifunga nyuma yake. Akaketi mavumbini kando ya Mwanakheri, bega kwa bega, wakalitazama gari likija.