Kishindo wa Mstari wa Nyuma

Kila alasiri msichana alifungua mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni na kusema, "Nimerudi," ingawa hakukuwa na mtu wa kumjibu. Mama yake alikuwa amepata kazi mbali, ndiyo maana yeye alihamia kwa shangazi. Shangazi naye aliingia zamu ya mchana kwenye kiwanda cha mikate na kurudi mtoto akiwa amelala. Asubuhi mambo yaligeuka: mtoto aliondoka kwa kunyata ili asimwamshe. Akirudi, chakula kilimngoja mezani, kimefunikwa kwa sahani. Alikula akisikiliza televisheni ya jirani kupitia ukutani.

Shuleni alikuwa "yule mgeni". Hakuna aliyemchokoza, na hilo ndilo lililomuuma: hata wachokozi hawakumwona.

Alijiunga na kikundi cha densi ili tu awe mahali penye watu. Walifanya mazoezi ukumbini, juu ya sakafu ya saruji. Mwalimu wao, mwanamke mrefu mwenye filimbi, alikuwa na desturi moja ya ajabu. Wakifika kwenye mruko wa mwisho, aliwapa mgongo na kufumba macho, asikilize kama wote wanatua pamoja.

"Nikiwatazama mnanichekea, nasahau makosa yenu," alisema. "Nikiwasikiliza, hamna pa kujificha."

Jioni moja msichana alichoka, akatua miguu ikiwa imenyooka kama fimbo. Pu! Mwalimu akageuka.

"Nani huyo?"

Vidole vyote vikamwelekea yeye. Lakini kabla mwalimu hajasema zaidi, mlinzi wa shule alichungulia akitikisa funguo, anataka kufunga. Mwalimu akachukua mkoba wake. "Tutaongea," alisema, kisha akasahau.

"Wee! Kumbe una kishindo hivyo?" alisema Redio, msichana aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimwi. Wote wakacheka, na tangu hapo yule mgeni akaitwa Kishindo.

Jina hilo alilala nalo kama mtoto anavyolala na nguo mpya. Hatimaye kulikuwa na watu waliojua kwamba yupo! Basi kila walipofika kwenye mruko wa mwisho alikaza magoti makusudi. Pu! Wenzake walishangilia, na mwalimu alipogeuka, kelele ilikuwa imeshameza kila kitu.

Miguu ikaanza kumuuma mbele, kwenye mifupa ya chini ya magoti. Siku ya mapumziko ya shangazi, hilo halikufichika.

"Mbona unachechemea, mwanangu?"

"Kiatu kinabana, shangazi."

Shangazi alikunjakunja magazeti, akayasokomeza ndani ya viatu ili vitanuke, akivibonyeza huku na huku kwa mikono yake iliyochoka. Kishindo alimtazama akihangaika na viatu visivyo na kosa lolote. Aliona aibu, lakini akanyamaza. Aliogopa kwamba akisema ukweli ataondolewa kikundini, na atarudi kuwa mtu asiye na jina.

Siku iliyofuata Redio alimkuta kwenye ngazi za shule, akishuka kinyumenyume huku ameng'ang'ania chuma cha pembeni.

"We, unashuka hivyo kwa nini?"

"Miguu inauma. Tafadhali, usimwambie mtu."

Redio alijaribu, jamani. Alijaribu mpaka mlangoni pa ukumbi. "Mwalimu! Kishindo hawezi hata kushuka ngazi!"

Mwalimu alimketisha, akamgusa mguu, naye akaruka kwa maumivu. "Kwa nini hukusema?"

Kishindo aliinamisha kichwa. Machozi yakamtoka kabla ya maneno. "Nikiacha kishindo, hamtajua kama nipo."

Hata Redio alifunga mdomo. Mwalimu akakaa chini sakafuni, kando yake.

"Siku ile niliuliza ni nani ili nimrekebishe. Sikumaliza, na hilo ni kosa langu." Kisha akachukua mpira wa kikapu uliokuwa pembeni mwa ukumbi. "Redio, simama pale. Nyoosha mikono, ikaze, udake."

Mpira ukapiga viganja. Pa! "Aii! Mwalimu!"

"Sasa daka huku unarudisha mikono kifuani."

Safari hii mpira ulitulia bila sauti. Redio alivitazama viganja vyake. "Huu hauumi."

"Mpira ni uleule, na nimeurusha kwa kasi ileile," alisema mwalimu. "Lazima kasi yake iishe. Ukiikatisha ghafla, nguvu yote inakupiga mara moja. Ukiipa muda kidogo, inakugusa kidogo kidogo. Miguu ni hivyohivyo. Tangulia na vidole, kisha kisigino, magoti na nyonga vikunjike. Sakafu inakusukuma kwa nguvu uliyoikanyagia. Saruji haina huruma, Kishindo, lakini magoti yako yanaweza kuwa nayo."

Shangazi aliomba ruhusa kazini, akampeleka zahanati. Mganga alisema mifupa imechoka kwa kugongwa. Angeendelea, ingepata ufa. Apumzike mpaka atakaporuhusiwa. Njiani Kishindo alikiri kuhusu viatu. Shangazi alimvuta ubavuni. "Ungeniamsha, mwanangu. Usingizi nitaulipa siku nyingine."

Kishindo alidhani sasa wenzake watamsahau. Lakini mwalimu alimweka kwenye benchi lake mwenyewe. "Fumba macho, nipe masikio yako." Kishindo akasikiliza mpaka akawajua wote kwa miguu yao: fulani anawahi, fulani anaburuta, Redio anatua huku bado anaongea. Walianza kumjia wenyewe: "Kishindo, mimi leo vipi?"

Mganga alipomruhusu, alirudi mstari wa nyuma. Mwalimu akawapa mgongo. Wakaruka. Kishindo alitua kwa vidole, visigino, magoti, nyonga. Hakusikika.

"Kishindo hayupo?" mwalimu aliuliza, macho bado kayafumba.

"Yupo!" kikundi kizima kikajibu.

Mwalimu akageuka akitabasamu. "Umesikia? Hukuhitaji kuumia ili wajue upo. Wote mkumbuke: maumivu yakisemwa mapema hutibika. Na ukiwa mpweke, hilo nalo ni maumivu. Liseme."

Jioni ile Redio alimsindikiza nyumbani, akiongea njia nzima. Kishindo alifungua mlango na kusema kwa mazoea, "Nimerudi."

"Karibu!" Redio alijibu nyuma yake. "Mbona umechelewa hivyo?"